Kabla hujaagiza Friesian tena, tuongee kuhusu mbegu ya Mpwapwa

Sisi kazi yetu ni uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu ya dume tunayoileta kwenye mrija, bila dume mwenyewe. Wafugaji wengi wakitupigia simu swali ni lile lile, mbegu ya Friesian, yule ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, mnayo? Ndio tunayo na tutakuja, ila kwa nyie mliopo huku Dodoma na Singida kwenye ukame tunaomba kwanza mtusikilize kuhusu ng'ombe aina ya Mpwapwa.

Huyu ng'ombe ni wetu kabisa, alitengenezwa pale kituo cha utafiti Mpwapwa enzi za mkoloni, wakachanganya zebu wa kienyeji, yaani ng'ombe wetu wenye nundu, na aina nyingine za ng'ombe, Boran, Sahiwal, Red Sindhi na Ayrshire kidogo, ili apatikane ng'ombe wa maziwa na nyama anayevumilia jua na majani makavu. Sasa mitamba, yaani majike machanga, ikawa inapandwa na dume lolote linalopita, madume safi yakapungua, na leo waliobaki ni wachache mno, inatuuma sana.

Mbegu ya kugandisha ndio inaokoa hapo. Dume safi akishapimwa magonjwa anakamuliwa mbegu, na kwa mkupuo mmoja zinaweza kutoka dozi mamia, zinachanganywa na kiini cha yai na gliseroli ili baridi isiziue, zinaingizwa kwenye mirija midogo na kuzamishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Humo zinakaa miaka na miaka. Mwaka 2019 Australia walitangaza wanakondoo waliotokana na mbegu iliyogandishwa 1968, kondoo 56 walipandishwa na 34 wakashika mimba! Kwa hapa kwetu kugandisha ni kazi ya kituo cha taifa cha uhimilishaji, NAIC, kule Usa River Arusha, sisi tunaileta mpaka zizini kwako.

Lakini tuseme ukweli, mbegu ni nusu tu ya ndama. Ukishauza majike yote ya Mpwapwa tutaanza na jike la kienyeji, ndama wa kwanza anakuwa na damu ya Mpwapwa asilimia 50, binti yake akipandishwa tena unapata 75, mjukuu 87.5, na kila kizazi ni miaka kadhaa ya kusubiri. Ndio maana tunakuomba, kama una mtamba safi usimpeleke mnadani kabla hujatuambia, hata kama ada ya shule inabana tutakutafutia mfugaji wa kumnunua aendelee kuzaa.

Ng'ombe wenye damu ya zebu joto lao, yaani muda wa kutaka dume, ni fupi na wengi huanza usiku, kwa hiyo mchungaji aamke mapema aangalie kama kuna anayetulia akipandwa na wenzake au anayetoa ute mwepesi unaovutika. Ukimwona asubuhi piga simu saa hiyo hiyo tuje jioni, ukimwona jioni tunakuja kesho yake asubuhi. Mbegu ya Mpwapwa haipatikani kirahisi kama ya Friesian, weka oda mapema, na baada ya siku 21 mwangalie tena, asiporudi kwenye joto tutakuja kumpima mimba ikifika miezi mitatu.