Salamu za shukrani: mke wangu ameruhusiwa kutoka hospitali

Ndugu, jamaa, marafiki, majirani na wafanyakazi wenzetu,

Kwa niaba ya familia yote, wakubwa kwa wadogo, nawaarifu kwamba mke wangu ameruhusiwa kutoka hospitali. Yuko nyumbani, anakula kwa mdomo wake, anatembea hadi mlangoni na kurudi. Ameniagiza niandike mimi kwa kuwa mkono wake bado unatetemeka akishika kalamu, na amenipa sharti moja: nisiwashukuru kwa jumla jumla. Anataka kila aliyetoa kitu ajue kilikwenda wapi.

Kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha kidogo. Wengi wenu mlichanga, mkasali, mkatoa damu na kukesha nasi bila kuelewa hasa kilichompata, na sisi wakati ule hatukuwa na nguvu za kueleza.

Operesheni ya kwanza ilikwenda vizuri. Aliondolewa kipande cha utumbo mpana, ncha mbili zilizobaki zikaunganishwa. Siku za mwanzo aliketi kitandani, akazungumza na watoto kwenye simu, nasi tukaanza kupanga siku ya kurudi. Ndipo kile kiungio kikavuja. Ni tatizo linalojulikana katika upasuaji wa aina hii, mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki ya kwanza au kupita kidogo, na linaweza kutokea hata pale ambapo kila mtu amefanya kazi yake sawasawa. Nalisema wazi kwa sababu maneno yamekuwa mengi, na napenda yaishie hapa: familia haina lawama kwa mtu yeyote. Uchafu wa utumbo ulimwagika tumboni, ukaleta maambukizi, na mwili ukapambana nayo kwa nguvu hadi ukaanza kuviumiza viungo vyake wenyewe. Madaktari huiita hali hiyo sepsisi. Presha hushuka, figo hulegea, mapafu huchoka, na yote hayo huweza kutokea ndani ya saa chache.

Shukrani ya kwanza kabisa ni ya nesi wa zamu ya usiku. Hukutaka nikutaje jina, nami naheshimu. Nilikwambia tu kwamba huyu si mke wangu ninayemjua: anajibu kwa kuchelewa, anahema harakaharaka, tumbo limejaa, na kwenye mfuko wa mkojo hakuna kitu. Homa haikuwa kali. Ungeweza kuniambia ni uchovu wa operesheni, nami ningekubali, kwa kuwa sina elimu hiyo. Badala yake ulirudia vipimo vyote, ukahesabu pumzi zake kwa saa yako ya mkononi, ukapiga simu, ukabaki umesimama pale hadi daktari alipofika. Baadaye nilielezwa kwamba sepsisi inapoangusha presha, dawa za antibiotiki zinatakiwa ziingie ndani ya saa moja. Ziliingia. Kabla hakujapambazuka alikuwa amerudishwa chumba cha upasuaji.

Nimezitaja dalili hizo kwa makusudi. Miongoni mwenu yupo atakayesoma salamu hizi akiwa ameketi kando ya kitanda cha mgonjwa wake. Ndugu yangu, ukiona mgonjwa wako amebadilika, sema. Usingoje homa ipande, wala usione haya kumwita muuguzi mara ya tatu.

Kwa daktari wa upasuaji na timu yake, daktari wa usingizi na wote waliokuwemo usiku ule: mlilifungua tumbo upya, mkaliosha, mkatoa ncha ya utumbo nje ili kidonda kipate kupumzika. Maneno yangu kwenu ni machache, kwa sababu kila ninapojaribu kuyapanga machozi yanatangulia. Asanteni.

Sasa niwageukie mliotoa damu. Mfuko mmoja wa damu mnaotoa huwa na takribani mililita 450. Chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye baridi inayotakiwa hukaa siku 42 kwa upeo, baada ya hapo hazifai tena. Maana yake ni kwamba benki ya damu haiwezi kujiwekea akiba ya mwaka. Inategemea watu kama nyinyi wajitokeze wiki hadi wiki. Baadhi yenu mliniambia kwa masikitiko kwamba kundi lenu halikulingana na la mgonjwa. Msisikitike hata kidogo. Damu yenu ilikwenda kwa mgonjwa mwingine, na ile iliyomfaa mke wangu ilitoka kwa mtu tusiyemjua, ambaye huenda hatazisoma salamu hizi maisha yake yote. Tangu Karl Landsteiner alipobainisha makundi ya damu mwaka 1901, watu wasiojuana wamekuwa wakiokoana namna hii. Siku yake ya kuzaliwa, Juni 14, ndiyo dunia inayoiadhimisha kuwa Siku ya Wachangia Damu. Mimi na mwanetu mkubwa, ambaye sasa umri unamruhusu, tumekubaliana kwamba siku hiyo tutakuwa kwenye foleni.

Wauguzi wa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, nyinyi nitawaelezaje? Kila baada ya saa mbili mlimgeuza, usiku na mchana, mkakagua mgongo, visigino na nyonga. Ametoka kwenu bila kidonda hata kimoja cha kulala. Mlimsafisha kinywa akiwa na mpira wa mashine kooni. Mlimwita kwa jina lake kila mlipotaka kumgusa, hata alipokuwa hasikii, au tulipodhani hasikii. Na nyinyi wa mazoezi ya viungo, mliomkalisha ukingoni mwa kitanda angali na mipira na nyaya, wapo ndugu walioona mnamtesa. Sasa wanajua kwamba mgonjwa mahututi anaweza kupoteza karibu asilimia 2 ya misuli ya paja kwa siku moja ya kulala. Hatua anazopiga leo kwenda mlangoni zilianzia pale.

Kuna jambo ambalo wengi hamkulijua, na amenipa ruhusa nilieleze. Akiwa kwenye mashine ya kupumulia, na siku kadhaa baada ya kutolewa, akili yake ilivurugika. Aliona maji yakitiririka ukutani. Aliamini waliokuwa wakimhudumia wamepanga kumdhuru. Mimi alinitazama machoni akasema hanijui. Katika yote tuliyopitia, hilo ndilo lililoniangusha. Daktari alinieleza kwa utulivu kwamba ni hali inayowapata wagonjwa wengi sana wa mahututi, kwamba ubongo nao huugua mwili unapougua, na kwamba wengi wao hurudi. Akanitajia vitu vinavyosaidia, na vyote vilikuwa vidogo: miwani yake, saa ya ukutani anayoweza kuiona, mwanga wa mchana, giza na ukimya wa usiku, sauti anazozifahamu. Shemeji, ulipoleta ile miwani ulidhani umeleta kitu cha kawaida. Siku aliyoivaa alinitambua. Nanyi mliorekodi salamu zenu kwenye simu, kila mmoja akijitambulisha na kumtajia siku na tarehe, sauti zenu zilikuwa sehemu ya tiba yake. Tulizicheza asubuhi kwa asubuhi.

Muuguzi mmoja akatupa daftari, akatuambia tuandike kila siku kilichotokea: nani alikuja, mvua ilinyesha au la, mashine gani imeondolewa. Utaratibu huo ulianzia hospitali za Skandinavia katika miaka ya 1980, ili mgonjwa akipona apate kuzijaza siku zilizompotea. Mlioandika humo, pamoja na watoto waliochora, mjue kwamba analisoma ukurasa mmoja kwa siku na kuuliza maswali. Yale maji ya ukutani tumeyapatia maelezo humohumo: ilikuwa taa ya mashine ya dripu iliyokuwa ikimulika ukutani.

Kwa sasa anaishi na mfuko wa choo tumboni. Nalitaja kwa jina lake kwa sababu yeye mwenyewe amekataa lifichwe. Tunamshukuru muuguzi aliyetufundisha sote wawili: kwamba ile sehemu ya utumbo iliyo nje ikiwa nyekundu na yenye unyevu ndiyo nzima, kwamba haina mishipa ya kuhisi maumivu hivyo tusiogope kuisafisha, na kwamba tundu la bamba la mfuko likatwe kwa kipimo chake kamili ili choo kisiunguze ngozi. Sasa kazi hiyo tunaifanya kwa zamu, yeye na mimi. Wifi zake nao walijifunza bila kuombwa. Na marafiki zake wa kike mliokuja siku mfuko ulipovuja mbele yenu, mkaendelea na mazungumzo huku mmoja akiinuka kumsaidia kama vile ni jambo la kila siku: baada ya nyinyi kuondoka alilia, akaniambia kuwa kwa mara ya kwanza tangu augue amejisikia ni mtu kamili.

Nami nilisaidiwa. Wengi waliniuliza, “Tukusaidie nini?” Lilikuwa swali la upendo, ila sikuwa na akili ya kulijibu. Ndiyo maana nawakumbuka sana waliokuja na jibu mkononi. Aliyesema, “Jumanne na Alhamisi watoto nitawachukua shule mimi.” Aliyejitolea kupokea simu zote na kutoa taarifa moja jioni, ili nisirudie habari ileile mara ishirini. Bosi aliyenipangia kazi upya bila kunifanya nimbembeleze. Mjomba aliyeninyanyua kitini saa nane za usiku na kuketi mahali pangu, akaniambia nenda kalale, ukianguka wewe tutakuwa na wagonjwa wawili. Mama mkwe, ulimficha binti yako machozi na mimi ukanificha. Niliyaona, Mama, na nakushukuru.

Kuhusu michango: hesabu yote iko kwa mweka hazina, na kila aliyechanga ana haki ya kuiona. Bili za hospitali zimelipwa. Kilichobaki kimetengwa kwa ajili ya mifuko, dawa na operesheni ya kuurudisha utumbo ndani. Madaktari husubiri miezi kadhaa hadi tumbo litulie na nguvu zirudi, kwa hiyo tarehe haijapangwa. Ikipangwa tutawajulisha, nasi tutaomba tena sala na dua zenu bila haya.

Wanaotaka kuja kumwona, karibuni. Mpige simu kwanza, maana huchoka haraka na mchana hulala. Mwenye mafua au kikohozi asubiri apone. Nusu saa inatosha, na akinyamaza katikati ya maneno msijazie ukimya; anapumzika tu, bado anawasikiliza.

Mungu awarudishie kila mlichotoa.

Mume na watoto, kwa niaba ya familia za pande zote mbili.