Mhariri, kwa Hong Myung-bo mmechanganya mambo mawili

Mhariri, salaam na hongera kwa kazi.

Nimesoma ile makala yenu ya kocha wa Korea Kusini, Hong Myung-bo, mmemwita kocha wa jina tu, eti mpaka leo anakula mtaji wa Kombe la Dunia la 2002 alilocheza. Nikairudia nikitafuta mmesema kafanya nini kama kocha, sikuona kitu zaidi ya Kombe la Dunia la Brazil 2014 na zile kelele za 2024 alipopewa timu tena, basi. Sasa mi huyu mtu nimemfuatilia tangu anacheza, na huyo mliyemwandika nyie kwa kweli simtambui.

Niseme mapema simtetei kwa kila kitu. Ila mmefunga mambo mawili kwenye furushi moja: namna alivyopewa timu mwaka 2024, na kama kufundisha anakuweza au hakuwezi. La kwanza mko sahihi na nitafika huko. La pili hapana.

Uchezaji wake mliupitia kwa sentensi mbili kwa hiyo wacha niwakumbushe vijana. Alikuwa libero, yani yule beki wa mwisho anayesafisha nyuma alafu akiona upenyo anapanda na mpira mwenyewe. Mwaka 1992 ndo kwanza anaingia ligi ya kwao na POSCO, timu ya Pohang, wakabeba ubingwa na yeye akawa mchezaji bora wa ligi nzima, mgeni kabisa, tena beki! Kombe la Dunia kacheza manne mfululizo, 1990, 1994, 1998 na 2002. Kule Marekani 1994 alifunga mawili, moja kwenye sare ya 2-2 na Hispania, lingine dhidi ya Ujerumani siku ambayo Wakorea walikuwa nyuma 3-0 mapumziko wakamaliza 3-2, Wajerumani wanaombea filimbi. Baadae akaenda Japani, na pale Kashiwa Reysol akavaa kitambaa cha unahodha. Mkorea nahodha wa timu ya Kijapani, na historia ya hizo nchi mbili mnaijua, Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945, hilo sio jambo la kupita hivi hivi.

2002 ndo kila mtu anaijua. Mwaka mmoja kabla alikuwa majeruhi, nje ya kikosi cha Guus Hiddink, kocha wa Korea wakati ule, watu wakasema mzee kaisha. Akarudi akiwa na miaka 33 akawa nahodha, wakafika nafasi ya nne, timu ya Asia! Ile penalti ya mwisho na Hispania kule Gwangju aliipiga yeye, kwetu huku ilikuwa Jumamosi asubuhi, mechi ilianza saa tatu na nusu, na nadhani ndo mara pekee nimemwona yule mtu akicheka mdomo wote. FIFA wakampa mpira wa shaba, yani mchezaji bora wa tatu wa mashindano, nyuma ya Kahn na Ronaldo. Kwa haki pia tuseme goli la Hakan Şükür la sekunde 11 kwenye mechi ya mshindi wa tatu lilitokana na mpira uliompotea yeye Hong miguuni. Sasa mtu kama huyo mnasema anaishi kwa jina, sawa, jina analo kweli, lakini alivyostaafu 2004 hakulitumia kuruka foleni. Alikaa benchi kama msaidizi, chini ya Dick Advocaat, chini ya Pim Verbeek, mpaka kwenye Olimpiki ya Beijing 2008 alikuwa msaidizi. Timu yake ya kwanza mwenyewe ilikuwa ya watoto, chini ya miaka 20, mwaka 2009.

Na hapa ndo makala yenu iliruka kabisa. Kombe la Dunia la vijana lilikuwa Misri, wakaanza kwa kufungwa na Cameroon 2-0, ukiangalia unasema hawa wanarudi nyumbani. Wakatoka sare na Ujerumani, wakaipiga Marekani 3-0, Paraguay 3-0, wakaja kutolewa robo fainali 3-2 na Ghana, ile Ghana iliyobeba kombe lenyewe. Kwenye kile kikosi walikuwepo Koo Ja-cheol, Kim Bo-kyung, Kim Young-gwon. Yakumbukeni haya majina. Mwaka uliofuata akaenda nao Asian Games, ile michezo ya bara la Asia, kule Guangzhou, wakafungwa nusu fainali na Falme za Kiarabu mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza, alafu mechi ya shaba na Iran wako nyuma 3-1 wakageuza ikawa 4-3. Shaba ile kwa kijana wa Kikorea haina faida ya maisha, maana sheria yao ya jeshi inataka dhahabu kwenye Asian Games, au medali yoyote ya Olimpiki, ndo usamehewe ile karibu miaka miwili ya kuvaa gwanda. Kwa mchezaji wa miaka 23 miaka miwili ni mkataba mzima wa Ulaya unapotea.

Kwa hiyo Olimpiki ya London 2012 hawakwenda kutembea. Waliwatoa Waingereza wenyeji kwa penalti kule Cardiff, Brazil ikawapiga 3-0 nusu fainali, alafu mechi ya shaba wakapangiwa nani? Japani. Wakashinda 2-0, wafungaji Park Chu-young na Koo Ja-cheol. Dakika za mwisho kabisa Hong akamwingiza Kim Kee-hee ambaye alikuwa hajagusa uwanja mashindano yote, maana wakati ule asiyecheza hata dakika moja msamaha wa jeshi alikuwa hapati. Hiyo ni medali ya kwanza ya mpira wa miguu ya Olimpiki kwa Korea, na kaileta nani? Kocha wa jina.

Sasa huyo Park Chu-young ndo ningewashauri mwandike makala nzima, maana kwake unamwona Hong wote, uzuri wake na ubaya wake. Kabla ya London Wakorea walimchukia Park, alipata ukazi wa Monaco akaahirisha jeshi miaka mingi, wakaona anakwepa. Hong akamchukua, akakaa nae mbele ya waandishi wa habari akasema kama Park haendi jeshini basi yeye Hong ataenda badala yake. Hebu fikiria kocha anasema hivyo mbele ya kamera! Na Park akalipa, goli la kwanza la kuipiga Japani ni lake. Miaka miwili baadae Hong ana timu ya wakubwa, ametangaza sheria kwamba asiyecheza klabuni kwake hachaguliwi, Park yuko Arsenal hachezi, kapelekwa Watford kwa mkopo nako hachezi, na bado kwenye ndege ya Brazil yumo. Akaanza mechi mbili, goli hamna. Kule Korea wakauita ule mpira wa kubebana kwa urafiki. Moyo ni ule ule, mchezaji ni yule yule, 2012 medali, 2014 aibu. Mi sijui kama mtu anaweza kujitenganisha na kitu kama hicho, ila kosa lilikuwa lake na hapo sina la kumtetea.

Lakini hata hiyo 2014 muieleze vizuri. Aliipokea timu Juni 2013, kazi ya kufuzu kaifanya kocha mwingine, yeye kapewa mwaka mmoja. Sare 1-1 na Urusi, Algeria ikawapiga 4-2, hadi mapumziko ilikuwa 3-0, na hapo ndo kwa mara ya kwanza timu ya Afrika ikafunga manne kwenye mechi moja ya Kombe la Dunia, alafu Ubelgiji iliyobaki na watu kumi ikawafunga 1-0. Pointi moja. Wakatua Incheon mashabiki wakawarushia pipi zile za kwao za kunata, ambazo huko ni tusi. Shirikisho likataka abaki, yeye akajiuzulu Julai. Akaenda China, Hangzhou Greentown, ikashuka daraja 2016, na hilo nalo nalitaja nisije nikaonekana nachagua ya kupendeza tu.

Mnaona lakini inavyokwenda? Akipewa muda na watu aliowalea mwenyewe anajenga. Akitupiwa timu juu juu inamshinda. Ushahidi mwingine ni Ulsan, klabu ya ligi ya kwao, ambayo nyie hamkuitaja hata jina, nilishangaa. Kaichukua 2021, timu ambayo ubingwa mara ya mwisho ilikuwa 2005 na ilishazoeleka kuwa ya pili, 2022 ikabeba, 2023 ikabeba tena, na yeye kocha bora miaka yote miwili. Na mchezaji bora wa ligi 2023 alikuwa nani? Kim Young-gwon, beki, yule yule mtoto wa Misri 2009.

Haya sasa 2024. Klinsmann, kocha wa Korea aliyekuwepo, kafukuzwa Februari baada ya kufungwa na Jordan kombe la Asia, shirikisho likatafuta miezi mitano, Jesse Marsch akawaponyoka akaenda Canada, wazungu wengine wawili wakahojiwa, Hong huku anasema yeye haondoki Ulsan. Ghafla Julai katangazwa yeye, bila ule usaili waliofanyiwa wenzake, katikati ya msimu. Park Joo-ho, mjumbe wa kamati yenyewe ya kutafuta kocha, akatoka hadharani akasema na yeye hakuwa anajua. Bunge likawaita, wizara ikakagua ikakuta taratibu zimekiukwa. Mashabiki wa Ulsan walimwita mwongo na mi ningekuwa wa Ulsan ningemwita hivyo hivyo. Mechi ya kwanza Seoul, 0-0 na Palestina, uwanja mzima unamzomea.

Hiyo yote kweli. Ila siku tano baadae wakaenda Muscat wakaipiga Oman 3-1, na raundi ile ya kufuzu Kombe la Dunia 2026 wakaimaliza hawajafungwa hata mechi moja, tiketi wakaikatia Basra kwa kuipiga Iraq 2-0 tarehe 5 Juni 2025. Sare zilikuwa nyingi sawa, na Oktoba Brazil wakaja Seoul wakawachapa 5-0, ambayo ilikuwa mechi ya kirafiki ila haikuwa na urafiki wowote. Aliyevuruga utaratibu ni shirikisho, basi liandikeni shirikisho lenyewe na rais wake Chung Mong-gyu, ambaye pamoja na hayo yote kachaguliwa tena Februari 2025. Kwenye makala yenu jina lake halimo kabisa.

Ombi langu ni dogo tu. Droo ya Kombe la Dunia 2026, ile ya Desemba 2025, iliwaweka Wakorea kundi moja na Meksiko na Afrika Kusini, na kocha wa Bafana (hao Afrika Kusini) wakati wa droo, Hugo Broos, naye alikuwa beki, kaichezea Ubelgiji Kombe la Dunia 1986. Najua mtaandika tena kuhusu mechi ya Wakorea na Bafana. Mkiandika, wekeni na Misri 2009, London na Ulsan humo ndani, alafu msomaji aamue mwenyewe.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga