Si kila mashine isiyowaka ni ya kupigwa windo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo na mafundi kompyuta wa Mwanza, pamoja na sisi tunaowapelekea mashine. Windo ninayoisema ni Windows, mfumo unaoendesha kompyuta, na kuipiga ni kuisakinisha upya.

Nina steshenari Kirumba, si mbali na mwaloni. Natoa fotokopi, nachapa barua, najaza fomu za mikopo ya wanafunzi, na kila Jumamosi akina mama wa dagaa huja na daftari la kikoba chao niwaingizie hesabu kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe ni ya mezani, mtumba. Miaka minne imenilisha bila kunisumbua.

Mwaka huu saa yake ikaanza kuchelewa. Naisahihisha leo, kesho imebaki nyuma tena. Sikujali, maana nani anaangalia saa ya kompyuta na simu iko mkononi? Asubuhi moja nikabonyeza, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza ukisema hakuna diski ya kuwashia. Nikazima, nikawasha, yale yale. Wanafunzi wamejipanga mlangoni.

Nikaifunga sipiyu, lile boksi lenyewe la kompyuta, kwa mpira nyuma ya bodaboda mpaka mjini. Fundi hakuichunguza hata dakika mbili. "Windo imekufa mama, tunapiga nyingine." Elfu ishirini. Jioni nikaikuta inawaka kama mpya, na kweli ilikuwa mpya, maana haikuwa na faili langu hata moja. Nikauliza vitu vyangu viko wapi. Akanitazama kwa mshangao: "Kwani ulikuwa na vitu?"

Mhariri, hilo swali ndilo lililonikalisha kuandika barua hii. Mtu ameletewa mashine ya steshenari, anauliza kama ilikuwa na vitu.

Nikaiwasha dukani jioni hiyo, ikafanya kazi. Asubuhi, kioo cheusi. Nikampelekea fundi mwingine, naye akasema diski imechoka, akaniuzia nyingine na kupiga windo juu yake. Ilikaa kwake siku mbili, anaizima na kuiwasha mbele yangu, haikosei. Nikairudisha Kirumba, ikalala usiku mmoja, asubuhi imekufa. Kwa fundi inawaka, kwangu haiwaki. Jirani yangu muuza vitenge alinishauri kwa sauti ya chini niangalie na upande mwingine. Sitaficha, nilianza kumsikiliza.

Aliyenitoa huko ni mwanafunzi wa chuo aliyekuja kubaindi ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. "Shikamoo mama, mashine ina nini?" Nikamweleza yote. Hakuigusa. Aliuliza jambo moja tu: "Usiku huwa unazimia wapi?"

Nikamwonyesha swichi kuu pale mlangoni. Sisi wa kando ya ziwa tunazijua radi zetu. Iliwahi kunipigia monita, na tangu siku hiyo silali kabla sijakata umeme wa duka zima. Kijana akacheka, akafungua sipiyu, akanionyesha kibetri cha mviringo kama sarafu kwenye bodi. Kimeandikwa CR2032, volti 3. Ni aina ile ile inayowekwa kwenye rimoti za magari.

Alivyonieleza ni hivi. Kabla windo haijaanza, kuna programu ndogo ndani ya bodi, mafundi wanaiita bayosi, inayojua tarehe na inayojua mashine iwakie wapi na kwa njia gani. Kwenye mashine za umri wa ile yangu, mipangilio hiyo hutunzwa na kale kabetri. Sipiyu ikiwa imechomekwa ukutani, hata ukiizima, bodi inaendelea kupata umeme kidogo, kwa hiyo betri iliyochoka haijulikani. Ndiyo maana kwa fundi, ambako waya hautoki ukutani, haikukosea. Kwangu nilikuwa nakata kila kitu, na usiku kucha betri inashindwa, mashine inasahau. Tarehe inarudi 2010. Mpangilio wa kuwaka unarudi kwenye mtindo wa zamani, wakati windo yangu ilipigwa kwa mtindo mpya unaoitwa UEFI. Windo ipo, diski ni nzima, lakini mashine inapita mlangoni pake kama mgeni anayeulizia nyumba kwa jina la mtaa lililokwisha kubadilishwa.

Akaongeza kwamba hata ingewaka na tarehe ile ya 2010, tovuti za fomu zingegoma kufunguka. Tovuti zina vyeti vya usalama vyenye siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kwa mashine inayoamini tuko 2010, vyeti vya leo bado havijaanza kazi.

Betri niliipata kwa fundi saa, shilingi 2,000. Kuiweka, kupanga tarehe na kurudisha UEFI hakukufika hata robo saa.

Kwa faili zangu tulichelewa. Ile diski ya zamani, ambayo sasa nina uhakika haikuwa na ugonjwa wowote, aliisoma kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo unaoweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa popote. Yaliyopatikana ni mabaki, tena mengi yana namba mahali pa majina. Hesabu za kikoba tulizianza upya kutoka kwenye daftari, Jumamosi mbili nzima, na akina mama hawakunyamaza. Kilichoniuma ni kwamba fundi wa kwanza angetumia flashi kama hiyo kabla ya kufuta, angeziona faili zote zimekaa mahali pake, akazihamisha, ndipo apige windo yake akitaka.

Naandika sasa kwa sababu naona wengi wanazipeleka mashine mjini tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10, Oktoba 14, 2025. Wanataka Windows 11, na hiyo kwa masharti yake inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo mitumba yetu mingi haina. Fundi anayejua kuzikwepa hizo kanuni na azikwepe, ila amwambie mteja kwamba amezikwepa.

Ombi langu kwa mafundi ni dogo. Mkipokea mashine, ulizeni kwanza kama mna ruhusa ya kufuta. Halafu kwenye risiti andikeni mlichokikuta. Risiti zangu mbili ninazo kwenye droo, na zote mbili zimeandikwa neno moja, "huduma".

Nina kompyuta nyingine ndogo ya fotokopi, nayo tangu juzi saa yake inachelewa dakika tano. Fundi atakayekuwa tayari kuniandikia "betri" anione Kirumba, mchana, kabla sijazima swichi.

Mama mwenye steshenari,
Kirumba, Mwanza