Ile okidi ya mwembeni

Mwanaidi mpenzi,

Assalaam aleikum. Najua tangu Idd kimya, na simu zako mbili sikupokea. Niwie radhi, dada. Watoto hawajambo, Bi Zuhra anakusalimu, mguu wa Hamadi umeunga. Ila Mama yangu, Mwanaidi. Mama ndiye aliyenikosesha usingizi nikashika kalamu.

Kusahau kumezidi. Juzi kaniuliza Baba atarudi saa ngapi kutoka baharini. Nikamjibu, bado. Ningesema nini?

Basi Alhamisi narudi sokoni nakuta sufuria inatokota, ndani mizizi myeupe, myembamba kama sindano. Nikaijua papo hapo: ile okidi ya kwenye mwembe wetu, yenye maua ya njano na madoa ya chui. Unakumbuka tulivyokuwa tukiparamia kuyachuma, mizizi imesimama juu kama kiota, inatuchoma mapajani? Bi Zuhra ndiye kaileta. Mwanawe kasoma kwenye simu kwamba inarudisha kumbukumbu.

Sikuweza kumkaripia, maana si uzushi mtupu. Nimetafuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walijaribu maabarani dondoo zilizotolewa kwenye okidi hiyo, Ansellia africana, wakaona zinazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kutunza kumbukumbu. Na dawa ya galantamini wanayopewa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, nayo asili yake ni maua, yale meupe ya Ulaya yanayochomoza theluji haijaisha. Si okidi, lakini ni maua. Moyo wangu ulitaka kuamini. Mpaka sasa unataka.

Lakini Mama anameza vidonge vya donepezili, na kazi yake ni kuzuia kimeng'enya hicho hicho! Hapo ndipo nilipoogopa, maana alikwisha kunywa vikombe viwili. Daktari alishatuonya, dawa za namna hii zikizidi, mapigo ya moyo hushuka. Nikamshika kiganja, nikahesabu dakika nzima: 52. Sufuria nimemwaga. Bi Zuhra kanuna, na mimi namwonea huruma, kwa sababu alitaka kutusaidia. Jana mapigo yalikuwa 64. Jumatatu nampeleka kliniki, na mabaki ya mizizi nimeyafunga kwenye karatasi nimwonyeshe daktari.

Halafu kuna kijana wa pikipiki anapita na gunia, ananunua mashina mazima ya okidi hiyo. La kwetu nimemkatalia. Wewe ndiye uliyenieleza kuwa mbegu za okidi ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula, bila kuvu ya kuzilisha hazioti. Wakishaing'oa yote, hao watafiti watapima nini? Na Mama je, kama kweli mle ndani imo...

Niambie wewe mfamasia. Kikombe kimoja cha maji ya mizizi kina dawa kiasi gani, kuna anayeweza kupima? Vikombe viwili alivyokunywa vitatoka mwilini baada ya siku ngapi? Huko kazini kwenu kuna anayeshughulika na okidi? Nikikutumia kipande utakipokea? Na unakuja lini?

Jana Mama kalitaja jina lako, na la mama yako, bila kukosea. Ukija, anza kumwita tangu mlangoni, jitaje jina. Usingoje akutambue kwa sura.

Wako,
Saumu