Maji ya udhu yarudi ardhini: wito wa harambee kwa watu wa Lamu, walioko na walioondoka

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu waliozoea kuonja maji ya kisima cha msikiti kwa kiganja wameacha kuonja. Yana chumvi. Si ya kumfanya mtu ateme, ila ni ile inayobaki ulimini ukishasukutua, na mwisho wa kaskazi, kabla masika hayajashuka, huzidi.

Chini ya kisiwa chetu hakuna mto. Tulicho nacho ni maji ya mvua yaliyozama mchangani, yakakaa juu ya maji ya bahari kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Wataalamu wana hesabu yao: kwa kila mita 1 ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 nyingine chini yake. Hesabu hiyo ina upande mchungu, kwa sababu ukivuta kwa pampu mpaka maji yashuke mita 1, chumvi huweza kupanda mita 40 kukufuata. Zamani tulichota kwa ndoo na kamba, na mkono wa mtu huchoka. Pampu haichoki.

Ndugu zetu wa Shela hawahitaji kuelezwa haya. Mababu zao walihama mji wa Takwa, kule kisiwa cha Manda, katika karne ya 17, na moja ya sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi. Mpaka leo wao huvuka kwenda kuomba mvua penye kaburi la mnara.

Sasa tazameni tunavyotumia kidogo tulichobakiwa nacho. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, maji yasiyofika lita. Jioni moja tuliweka ndoo chini ya bomba moja pale penye udhu, na kijana mmoja, hatutamtaja maana baba yake ni mjumbe wa kamati hii ya msikiti, akamaliza lita sita kwa udhu mmoja. Maji yote hayo hupita mferejini na kuishia baharini. Zidisheni kwa safu za Magharibi, kisha kwa sala tano.

Tunachotaka ni kuyakusanya maji hayo pamoja na ya mvua kutoka paani, tuyasafishe, kisha tuyarudishe ardhini. Neno zito hapo ni kuyasafisha. Miaka michache nyuma fundi mmoja alitushauri tuchimbe shimo nyuma ya ukuta tuyamwage humo, na tukamsikiliza. Baada ya miezi kisima kikaanza kunuka, tukakaa muda mrefu tukinunua maji ya madumu. Maji ya udhu yamepita vinywani, puani na miguuni, na mwenye sabuni hutia sabuni. Ukiyamwaga karibu na kisima jinsi yalivyo, umekichafua kisima chako kwa mkono wako.

Safari hii maji yatapita kwanza kwenye tangi la kutuama, taka na mafuta yabaki humo. Yataingia kwenye kokoto, halafu kwenye chujio la mchanga mwembamba ambamo hushuka polepole sana. Juu ya mchanga huo, baada ya wiki kadhaa, huota utando laini wa vijidudu, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyowala wale wa maradhi. Ndiyo maana hatutatia klorini kabla ya chujio: ingewaua wafanyakazi wetu. Mwisho maji yatazama kwenye shimo la kokoto lililo juu ya usawa wa maji ya ardhini, ili yapite tena kwenye mchanga mkavu kabla ya kuyafikia. Shimo litakuwa upande wa baharini, zaidi ya mita 50 kutoka kisimani, lengo likiwa kuisukuma chumvi irudi nyuma. Hatuchimbi shimo la kulisha ndoo zetu moja kwa moja. Maji ya vyoo hayatahusika kabisa. Yana mfereji wake na yatabaki nao.

Kuna waliouliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, vipi maji mustaamali, yaani yaliyokwisha kutumika kwa udhu, yarudi kuwa ya kutawadhia. Katika madhehebu yetu ya Shafi maji hayo ni tohara ila hayatoharishi, lakini yakikusanywa yakafika kulatayni, kiasi cha lita mia mbili hivi, kauli yenye nguvu ni kwamba yanatoharisha tena. Ama maji machafu hasa, Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilitoa fatwa mwaka 1978 kwamba yakisafishwa mpaka rangi, ladha na harufu vikarudi vya asili, yanafaa hata kwa udhu, maadamu hayaleti madhara ya kiafya.

Wala si jambo geni duniani. Atlantis, kaskazini ya Cape Town, wanazamisha maji yaliyosafishwa kwenye mchanga wao wa pwani tangu 1979. Orange County huko California walianza mwaka 1976, tena kwa hofu ileile ya bahari kuingia visimani, na leo mtambo wao husafisha hata maji ya vyoo, lita takriban milioni 490 kwa siku. Wao wana machujio yanayozuia hata chumvi, na juu yake mionzi ya kuua vijidudu. Sisi hatuna uwezo huo, ndiyo maana tumejifunga kwenye maji ya udhu na ya mvua tu.

Hesabu ni shilingi 940,000. Matangi, machujio na shimo ni 430,000, mabomba 180,000, mashua na punda 120,000. Zilizobaki 210,000 ni za kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na vipimo vya maabara kwa miaka miwili: vijidudu vya kinyesi, naitreti na chumvi. Wengine walitaka fungu hilo lipunguzwe. Kamati imekataa, na kama halikutimia hatutajenga. Majibu ya kila kipimo yatabandikwa mlangoni, mazuri na mabaya.

Mkononi tuna 212,000, nyingi zikiwa za akina mama waliouza mikate ya mofa na viazi karai tangu Ramadhani. Pungufu ni 728,000. Mlioko Mombasa, Maskati, Jeddah na London, Saad bin Ubada alipomuuliza Mtume sadaka gani ni bora, aliambiwa maji, akachimba kisima kwa niaba ya mama yake. Mwenye mzazi aliyetangulia anajua la kufanya.

Nambari ya malipo iko kwenye ubao wa msikiti na kundi letu la WhatsApp. Msitume kwa simu ya mtu binafsi, hata akiwa imamu. Fedha zitahesabiwa mbele ya watu kila Ijumaa baada ya sala.

Asiye na fedha ana mikono. Mchanga hatuchoti kwenye vilima vya Shela, kwani vilima vile ndivyo vinavyotunyweshea mji. Utaletwa kutoka bara na lazima uoshwe. Mashua ya kwanza inatarajiwa Jumamosi, maji yakijaa asubuhi. Mwenye punda asiye na kazi siku hiyo amwambie muadhini.