Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mazoezi ya Jumamosi, futari ya pamoja na usafi wa uwanja vimefanyika kama mnavyojua.

Niingie kwenye lililozua maneno: uamuzi wa kamati, nilioupendekeza mimi na ninaousimamia mpaka leo, kwamba darasa letu la vijana la mpira wa Kiaustralia lifuate maisha ya uwanjani ya hayati Jim Stynes, aliyekuwa mchezaji wa klabu ya Melbourne. Wapo waliohoji: kwa nini Mwairishi, wakati Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum aliyechezea klabu ya North Melbourne, ni mtu wa kwetu zaidi? Majak tunamheshimu sana. Ila shida ya vijana wetu ni kwamba wamekulia kwenye mpira wa duara, na Stynes ni hivyo hivyo. Alitua Melbourne mwaka 1984 akiwa na miaka 18, akitokea kwenye mpira wa Kiairishi, ambao nao ni wa duara, akaanza ukubwani kujifunza huu wa Kiaustralia, wa umbo la yai. Mwaka 1991 alibeba Medali ya Brownlow, tuzo kubwa kuliko zote za mchezaji mmoja mmoja kwenye ligi kuu ya mchezo huo.

Wanaosema darasa halina faida hawajafika kuliona. Vijana walikuwa wakirusha mpira juu kabla ya kupiga, kama kipa. Sasa wanaushika wima, wanaushusha kwa mkono wa upande wa mguu unaopiga, wanauachia chini karibu na kiatu, vidole vya mguu vimenyooshwa, ili ncha ya chini igongwe na mpira uzunguke kinyumenyume. Ukianguka kiubavu unayumba hewani, na mwenzako hawezi kuudaka.

Tumechambua pia mechi ya 1987 ya kuwania kuingia fainali. Gary Buckenara wa klabu ya Hawthorn akijiandaa kupiga, Stynes alikatiza mbele yake, jambo lisiloruhusiwa. Mwamuzi akamsogeza Buckenara mita 15 karibu na goli. King'ora kikalia, akapiga, akafunga pointi 6, na Melbourne wakatolewa kwa pointi 2. Leo adhabu hiyo ni mita 50. Kijana wetu anajua sasa: zunguka kwa nyuma ya mwenzako aliyesimama kwenye alama, yaani anayemkabili mpigaji, usipite mbele ya mpigaji.

Stynes alicheza mechi 264, na 244 kati ya hizo mfululizo bila kukosa hata moja; rekodi haijavunjwa. Sisi mikutano miwili imeahirishwa kwa kukosa akidi, na waliokosa ndio wanaolalamika kwamba hawakushirikishwa.

Zaidi ya nusu hamjalipa ada. Mapato yote ni dola 2,300; mipira, jezi na kodi ya uwanja vimekula 2,150. Stynes aliichukua klabu ya Melbourne mwaka 2008 kama rais ikiwa na deni la mamilioni, na kufikia 2010 wanachama na wafadhili walikuwa wamelimaliza kwa michango, yeye mwenyewe akiugua saratani. Walichanga.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia uwanja wa kudumu na pengine timu ya wasichana. Mweka hazina anapokea ada hadi mwisho wa mwezi.

Mwenyekiti