Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: Bibi alinunua kitambaa cha bluu

Kwa Ndugu Afisa Elimu wa Awali na Msingi wa halmashauri yetu,

Yah: Taarifa za mwanzo wa mwaka wa masomo kwa wazazi na walezi

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo barua za ofisini kwenu zinavyoanza, nami naomba hii uisome kama unavyosoma zile zenye muhuri. Mimi muhuri sina. Nina cherehani mbili, ya kukanyaga na ya umeme, barazani jirani na stendi, na kila ifikapo Desemba wazazi wa wilaya yako wanapita kwangu kabla hawajafika kwa mwalimu. Fundi wa sare anajua mengi. Anajua nani kahama shule, nani kafiwa, nani shamba lilimtupa mkono mwaka huu na anaomba nishushe upindo wa sketi ya mwaka juzi badala ya kushona mpya. Na anajua, kuliko unavyojua wewe, nani amepata taarifa za shule na nani hajapata.

Wiki ya mwisho ya Desemba alikuja bibi mmoja kutoka kijiji cha ng'ambo ya korongo, kamshika mjukuu mkono. Mtoto anaanza darasa la kwanza. Kitambaa alikuwa nacho tayari, mita moja na nusu ya bluu iliyokoza, kakifunga ndani ya khanga kama anavyofunga unga. Nikampima mtoto: kiuno inchi 20, urefu inchi 15. Nikaacha inchi tatu za upindo, maana watoto wa umri huo ukiwashonea kipimo chao leo, Julai sketi iko mapajani. Bibi akaniomba marinda yawe mengi. "Mama yake alipenda marinda," akasema, na sikuuliza zaidi. Alilipa nusu, nusu nyingine akaileta siku ya mnada, noti zimekunjwa mpaka zimekuwa kama punje za karanga.

Shule ilipofunguliwa, mtoto alikwenda na sketi yake. Akarudi. Hakufukuzwa, nataka niseme kweli. Aliambiwa tu, "Kesho mwambie bibi yako darasa la kwanza mwaka huu wanavaa damu ya mzee." Mtoto wa miaka sita akiambiwa hivyo mbele ya wenzake, kesho yake haendi. Alikaa nyumbani siku nne. Kalenda ya mwaka wa masomo ina siku 194, na yeye ameanza kwa kuzikosa nne kwa sababu ya rangi.

Bibi alikwenda shuleni kuuliza. Jibu alilopewa lilikuwa neno moja: "Tulitangaza."

Ni kweli walitangaza, ndugu yangu, na hapo ndipo tatizo lenyewe lilipo. Mwanangu anasoma shule hiyo hiyo, kwa hiyo nimo kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Baada ya bibi kuja kwangu analia nilirudi nyuma kulitafuta hilo tangazo. Nilivuta kidole mpaka kikachoka. Lipo, la mwishoni mwa Novemba, mistari minne. Juu yake kuna maua ya "Asubuhi njema", chini yake kuna mzazi anauza mafuta ya alizeti, halafu pongezi za harusi, halafu Amina, Amina, Amina. Mimi fundi wa sare, mtu ambaye rangi ya sketi ni ugali wake, sikuliona. Bibi, ambaye simu yake ni kitochi cha vibonye na hata hicho anachajisha dukani kwa kulipia, angelionaje?

Na hata kama shule ingepiga simu isingempata. Namba iliyoandikwa kwenye rejista ni ya baba wa mtoto. Baba yuko machimboni, namba ile alishaibadilisha mara mbili. Pita madarasani uhesabu ni watoto wangapi wanalelewa na bibi, shangazi au dada mkubwa, halafu uangalie namba zilizomo kwenye rejista ni za nani.

Kwa hiyo mjumbe anabaki kuwa mtoto. Mtoto wa darasa la kwanza ndiye waraka wetu. Anatoka shuleni na maneno sita, akifika nyumbani yamebaki matatu. Mwaka juzi mteja wangu mmoja aliambiwa na mwanawe, "Mwalimu kasema tulete karatasi." Baba mtu mwema, akaenda steshenari akanunua karatasi moja, akaikunja vizuri isichafuke, akampa. Ilitakiwa rimu. Mtoto alichekwa, baba akaona amedhalilishwa, na mpaka leo akipita njia ya shule anatazama upande wa pili.

Pasipo taarifa, uvumi hauchelewi. Hapa barazani kwangu kila Januari ni bunge. Mmoja anasema elimu ni bure, asitoe mtu hata senti. Mwingine anasema asiyetoa mtoto wake hapimwi mitihani. Wote wawili wana simu, wote wawili wana hakika. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ndio uliofuta ada na michango katika shule za umma kuanzia Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli akarudia kwa sauti kubwa kwamba mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya michango. Hayo watu wanayakumbuka. Wasichokijua ni yaliyobaki: Serikali inaleta ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, inalipia kitu gani, na kipi haikifikii. Uji, kwa mfano, haumo. Tangu 2021 kuna mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi, na wazazi tunatarajiwa tuchangie.

Mimi uji nauunga mkono, tena bila kusukumwa. Mtoto aliyekunywa uji saa nne anakaa darasani, asiyekunywa anatazama dirishani. Debe la mahindi nimetoa na nitatoa. Lakini nataka nijue debe hilo liliamuliwa kwenye kikao gani, na asiyekuwa nalo afanye nini. Hilo la pili ndilo lisilosemwa kamwe. Matokeo yake, wenye aibu wanaficha watoto ndani mpaka wavune, na wenye mdomo hawatoi kabisa.

Halafu kuna maswali makubwa zaidi ambayo, nakuapia, wananiuliza mimi. "Fundi, hivi huyu wangu ataishia la sita au la saba?" Wamesikia redioni kwamba sera mpya, ile ya 2014 toleo la 2023, imefanya elimu ya msingi kuwa miaka sita. Wamesikia mtaala umebadilika tangu Januari 2024. Sasa mtu ana watoto wawili waliopishana miaka michache, mmoja yuko mtaala huu, mwingine ule, vitabu vya kaka havimfai tena mdogo wake, na hakuna aliyemkalisha kitako akamweleza. Namwambia nenda kaulize shuleni. Mama mmoja akanijibu huku anakunja sweta la mwanawe: "Nikaulize nionekane sijui?" Naomba hilo jibu ulifikirie, maana mnapopanga mikutano mnadhani mzazi asiyefika hajali.

Kuhusu mikutano, huku kwetu Kanda ya Kati mvua inaanza Desemba, na Januari watu wako shambani na jembe. Mkutano wa wazazi unapangwa Jumatano saa tatu asubuhi. Atakayekuja ni mimi wa stendi na mwenye duka. Tunakaa kwenye madawati ya watoto magoti yamegusa kidevu, tunanyoosha mikono, tunapitisha, na muhtasari unaandika "wazazi walikubali". Rangi ya damu ya mzee nahisi ilipita hivyo hivyo, siku ambayo nilikuwa na foleni ya wateja. Basi na mimi ni mmoja wa wasiofika.

Walimu siwalaumu sana. Mwalimu Mkuu naye anapata habari kwa simu usiku, kwenye grupu la walimu wakuu, na tarehe ya kufungua shule haikai mahali pamoja: 2024 ilikuwa 8 Januari, 2025 ikawa 13 Januari. Mwalimu ana darasa la watoto zaidi ya uwezo wake, huku anasimamia madawati na choo kinachojengwa. Ukimwambia pia awe mpiga mbiu utakuwa unamwonea. Ndiyo maana barua hii naileta kwako.

Ninachoomba ni karatasi. Nusu karatasi, kwa kweli. Siku ya kufunga shule Desemba, kila mtoto anapopewa ripoti yake, apewe na hiyo nusu karatasi iliyobanwa nyuma yake. Iseme shule inafunguliwa lini. Iseme sare ni ipi, rangi kwa jina la mtaani ambalo mwenye duka la vitambaa analielewa, na kama sare ya zamani inaruhusiwa mpaka itakapochakaa, iseme hivyo. Iseme kila daftari ni la kurasa ngapi na yanatakiwa mangapi. Iseme mchango gani umekubaliwa, tarehe ya kikao, na mstari mmoja wa wino mweusi: mtoto harudishwi nyumbani kwa kukosa kitu chochote hapo juu. Chini iwe na sahihi ya Mwalimu Mkuu na ya mwenyekiti wa kamati ya shule, na namba moja ya simu inayopokelewa.

Najua utauliza fedha. Steshenari ya hapa stendi kutoa kopi ni shilingi 100 kwa ukurasa. Nusu ukurasa ni 50. Kati ya ile 10,000 ya ruzuku ya mtoto, naomba 50.

Wanaoanza awali na darasa la kwanza hawana ripoti ya Desemba, lakini uandikishaji wao unaanza mapema, tangu Oktoba. Na hapa kuna jambo lililoniuma zaidi nilipoongea na bibi. Yule bibi alikwenda shuleni Oktoba. Alikaa mbele ya mwalimu, akatoa kadi ya kliniki ya mtoto, akaweka dole gumba kwenye wino. Alikuwa pale pale, ana kwa ana, na muda anao. Hakuambiwa rangi kwa sababu rangi ilikuwa haijabadilishwa. Kwa hiyo ombi langu la pili ni dogo: uandikishaji ukishaanza, shule isibadilishe kitu chochote cha mzazi kununua mpaka mwaka unaofuata. Sisi mafundi tutapona, wauza vitambaa watapona. Bibi alikuwa ameshauza kuku wawili kwa kile cha kwanza.

Wasiojua kusoma wapo, na karatasi haitawatosha. Lakini kuna siku ya mnada. Kila mtu anakuja mnadani, hata asiye na cha kuuza. Yule kijana anayetangaza dawa ya panya kwa spika anaweza kusoma tangazo la shule dakika tatu, na ninamfahamu, hatataka zaidi ya soda. Kuna matangazo baada ya swala ya Ijumaa na baada ya ibada Jumapili. Wenyeviti wa vitongoji wapo, na wanajua kila mlango wenye mtoto wa kwenda shule. Grupu la WhatsApp libaki, ila wazime uwezo wa kila mtu kuandika, aandike Mwalimu Mkuu peke yake. Maua ya asubuhi tutatumiana kwingine.

Na mkutano mmoja kwa mwaka, mmoja tu, uwe Jumapili alasiri, muulizwe na ninyi maswali. La sita au la saba. Kadi ya kliniki inatosha au lazima cheti cha kuzaliwa, maana kuna shule inayoipokea na nyingine, mwendo wa nusu saa kutoka hapo, inamrudisha mtu. Mkijibu mbele ya watu wote, mimi nitapumzika, nirudi kwenye kushona.

Yule mtoto sasa anasoma. Nilimshonea sketi ya damu ya mzee kwa vipande vilivyobaki vya wateja wengine, marinda yametoka machache kidogo kuliko ya kwanza, naye ameliona hilo na akaniambia. Ile ya bluu bibi alikataa kuichukua, akasema kuitazama kunampandisha presha. Ipo hapa kwangu, inaning'inia juu ya cherehani ya kukanyaga: kiuno inchi 20, urefu inchi 15, upindo inchi tatu. Ikiwa katika shule zako kuna inayovaa bluu, na ndani yake kuna mtoto wa darasa la kwanza ambaye hana, mtume mtu aje aichukue. Hatadaiwa kitu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani, na mzazi,
barazani jirani na stendi